Tarumbeta ya Mafuta ya Taa

Habari za kifo cha Mwalimu Buya ziliponifikia, sikulia. Nilifungua kabati, nikaitoa tarumbeta kwenye leso yake, nikaingiza pua ndani na kuinusa. Wajuzi wananiambia kwamba shaba haihifadhi harufu, na kwamba chochote ninachonusa kimo kichwani mwangu. Waache waseme. Tarumbeta yangu inanuka mafuta ya taa mpaka leo, na harufu ile ikinipanda puani, mwaka mzima unarudi, na mimi ndani yake, msichana mwembamba mwenye mashavu yaliyovimba, nimesimama juu ya dungu katikati ya mpunga wa Ngao nikigombana na ndege. Aliyenipigia simu ni Eva, bintiye Mwalimu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Dada Dina, baba aliacha neno moja tu juu ya mazishi yake. Alisema wewe ndiye utakayempigia kaburini. Lakini wazee wa kanisa wamekaa wakasema kaburini mwanamke hapigi." Nikamuuliza mwenyekiti wa wazee siku hizi ni nani. "Jilo," akasema. Jilo gani? "Dada, Jilo ni yule yule." Hapo nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka na msiba umo mkononi, kwa sababu nilijua kwamba ile vita niliyodhani tuliimaliza nikiwa msichana ilikuwa imekaa kivulini tu ikinisubiri nizeeke kidogo.

Basi nikateremka Garsen, nikaagiza chai na mahamri katika hoteli iliyotazamana na pale lilipokuwa duka la Bwana Athmani. Sasa pale wanauza simu na vifuniko vya simu. Zamani zile ilikuwa giza tupu la magunia, na mlangoni pipa la mafuta ya taa, na kando ya pipa, mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda, hivyo nilipewa kazi ya kuwajazia watu chupa zao. Bwana Athmani alikuwa mtu wa Kipini, mzee mnadhifu mwenye kofia ya vito, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wa bara ya mto tuone kwamba chetu tumekiazima. Faneli yake ilikuwa kitu cha ajabu: kipande cha shaba, chembamba upande mmoja kama kidole, kisha kinapanuka, kinapanuka, mpaka kinafunguka kabisa kama ua linalotaka jua lote peke yake. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Niliposugua ukingo wake na kitambaa, nikaona michoro ya majani imechongwa kuuzunguka, na nikajua papo hapo ni nini, kwa sababu kila mtoto wa Ngao alikua akiitazama ile tarumbeta iliyokatika mwisho wake, iliyotundikwa msumarini katika chumba cha bendi. Mafuriko ya kabla sijazaliwa yaliingia mle chumbani, yakabeba vitu, yakavunja vingine. Bomba lilibaki. Ua lilikwenda na maji.

"Bwana Athmani, hii ni tarumbeta," nikasema.

"Ni faneli."

"Ilikuwa tarumbeta."

"Na mimi nalikuwa kijana. Mimina mafuta, watu wangoja."

Nilimsumbua kwa wiki kadhaa. Nilimwambia kwamba shaba ile ilitengenezwa kumsifu Mungu. Akaniambia kwamba hata mwanga wa taa wamsifu Mungu, na kwamba wanafunzi wa Garsen wanaosomea koroboi wamsifu Mungu zaidi ya bendi yoyote. Mwishowe nilikwenda sokoni nikamletea faneli ya plastiki, nyekundu, mpya kabisa, nikaiweka mezani. Akaigeuza. Akaijaribu. Akagundua kwamba haivuji pembeni. "Haya, ichukue hiyo yako," akasema. "Lakini ukiivuvia ikatoka moto, usinisingizie." Alikuwa anatania, maskini. Hakujua kwamba anatabiri.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini nilikitaka kile kipande cha shaba kwa ubishi wote ule. Sikuwa mwimbaji mzuri. Nafasi yangu katika kwaya ilikuwa safu ya nyuma, kati ya wale wanaofungua kinywa bila kutoa kitu. Nadhani ni ule mpanuko wenyewe ulioniita. Mwaka ule kila kitu changu kilikuwa kinabanwa. Nguo zilibanwa kwa pini, nywele zilibanwa kwa uzi, sauti ilibanwa kwa adabu, na watu wazima walikaa vibarazani wakizungumza juu ya maisha yangu kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ni mgonjwa. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe jirani akimwambia shangazi yangu, "Huyu ukimkawiza hapa, atakuharibikia. Mtafutie mtu." Kisha nikashika mkononi kitu ambacho kazi yake yote duniani ni kuanza kikiwa chembamba na kukataa kuendelea hivyo.

Chumba cha bendi pale Ngao kilikuwa nyuma ya kanisa, katika jengo la wamisionari wa zamani. Kuta zake zilikuwa nene kama ngome na dirisha lake lilikuwa juu mno, hata ukisimama kwenye kiti huoni mto, unausikia tu. Kilinuka popo na mafuta ya nywele. Mwalimu Buya alikuwa ameketi mle, anakula ndizi za nazi katika sufuria moja kwa moja, kwa sababu alisema sahani ni za wageni. Alikuwa mwembamba, mrefu, na pengo la jino la chini ambalo lilimfanya apige mluzi pale asipokusudia. Nikafungua leso. Akaacha kutafuna. Alisimama, akaitoa tarumbeta msumarini, akalishika bomba kwa mkono huu na ua kwa mkono ule, akavikutanisha, na vile vipande viwili vikakutana kama watu waliogombana zamani na sasa wamesahau sababu. "Nani ameleta?" akauliza, ingawa nilikuwa peke yangu mbele yake. Nikamwambia ni mimi. "Basi," akasema, "aliyeleta ua ndiye mwenye mti." Ndivyo nilivyoingia katika bendi, kabla bendi haijajua.

Tulimpelekea fundi wa baiskeli wa Minjila avilehemu. Sisi wote watatu tulikuwa watu wenye akili timamu. Fundi alikuwa amelehemu fremu na sufuria maisha yake yote. Mwalimu alikuwa amefundisha sayansi shule ya msingi. Mimi ndiye niliyeitumia ile shaba siku hadi siku kumiminia mafuta. Hakuna aliyefikiria kuiosha. Mwalimu alikuwa ameanza kunieleza juu ya sauti, kwamba bomba linakusanya pumzi lakini ni ua linaloitoa, na kwamba mtu anayekusanya tu bila kutoa ni ghala la panya, fundi alipoisogeza ncha ya moto wake wa buluu kwenye kiungo. Moto ulifutuka. Ulitoka kwenye ua la tarumbeta kama joka, njano na nyekundu, ukapanda hadi kwenye nyusi za fundi, na fundi akaruka juu ya baiskeli tatu za wateja. "Mwalimu!" akapiga kelele, akijipapasa usoni. "Umeniletea bomu la kanisa!" Watu wa stendi walikuja mbio. Mwalimu Buya alicheka mpaka pengo lake likapiga mluzi, halafu akaniambia kitu ambacho sijakiacha. "Umeona? Hata kabla hujaipuliza, tayari imesema."

Fundi alipotulia, aliilehemu vizuri, na kovu la kiungo kile lipo mpaka leo, nene kama kovu la goti. Nikaanza kujifunza. Mwalimu hakunipa wimbo wowote mwanzoni. Alifunga dirisha, akawasha koroboi juu ya meza, akaniketisha mbele yake, akaniambia nipulize kwa midomo mitupu. "Mwali ulale, usizime," akasema. Nikapuliza, ukazima. Akawasha tena. Nikapuliza kwa woga, ukasimama wima ukinidharau. Akawasha, nikapuliza, ukayumbayumba kama mlevi. Mchana mzima tulikuwa hivyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata. "Hasira unayo nyingi," Mwalimu alikuwa akisema, "nami siikatai. Lakini hasira inayozima taa itakuacha wewe mwenyewe gizani. Mlaze. Mlaze mwali chali, umshike hapo hapo, mpaka achoke yeye kabla yako." Nilipoweza kuulaza mwali ule pembeni na kuushika pale bila kutikisika, nikahesabu kwamba nimekua. Mpaka leo, nikiwa na jambo zito la kumwambia mtu, kwanza ninauona ule mwali mbele ya kinywa changu.

Na hapo ndipo Mzee Komora alipotusikia. Alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa kimo kifupi na sauti kubwa, na alikuwa na mianzi ya pua iliyotanuka kama ya kiboko kila alipokasirika, hata watoto wa Ngao walimsoma puani kabla hajafungua kinywa. Aliingia chumbani bila kubisha hodi. Mwalimu akamkaribisha mahamri na chai. Akaketi, akachukua hamri, akalimega, kisha akasema kwamba mwanamke hapigi tarumbeta.

"Kwa andiko gani, Mzee?" Mwalimu akauliza.

"Malaika wote wa Biblia wana majina ya kiume. Na hao ndio wapiga tarumbeta."

"Malaika hawaoi wala hawaolewi, Mzee. Hilo nalo limeandikwa."

"Buya, usinipeleke shule ya Jumapili." Akachukua hamri la pili. "Tena mwanamke akipuliza shaba, tumbo linakauka. Uliza mtu yeyote. Huyu binti wa watu akikosa mtoto kesho, utamlea wewe?" Kisha akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza. "Binti, kwani kwaya haikutoshi?"

Nikasema haikunitosha. Sikusema kwa jeuri. Nilisema kama mtu anayeulizwa kama chai ina sukari. Lakini niliona mianzi ya pua ikitanuka, na nikajua neno langu limefika. Mzee Komora akasimama, akakung'uta makombo kwenye kanzu yake ya kahawia, akatangaza kwamba chumba kile ni cha kanisa na kwamba kuanzia siku ile mimi sitakanyaga ndani yake. Mwanawe Jilo, aliyekuwa mpigaji wa kwanza wa tarumbeta katika bendi na ambaye alijipaka manukato mpaka nzi wakamkimbia, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilipopita kutoka nje alinong'ona, "Manze Dina, utavimba mashavu kama chura. Nani atakuoa?" Nikamwambia ya kwake yalishavimba na bado tunamwona anatembea peke yake.

Mwalimu alinifuata hadi njiani. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Chumba cha bendi ni cha kanisa, nimesikia. Shamba la shangazi yako nalo ni la kanisa?"

Mpunga wakati huo ulikuwa umeanza kushika maziwa. Yeyote aliyelima kando ya Tana anajua maana ya majuma hayo. Punje ni laini, tamu, na kweleakwelea wanajua. Wanashuka kama wingu lenye njaa, na usipokuwepo shambani tangu alfajiri hadi jua linapozama, utavuna majani. Kuamia ndege kwetu ni kazi ya wanawake na watoto. Unapanda juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, unapiga debe, unatupa mawe kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linatoa damu, na hakuna mtu duniani, si mzee wa kanisa wala mzee wa kijiji, anayeweza kumwambia mwanamke aliye juu ya dungu anyamaze. Kelele zake ni chakula cha nyumba. Shangazi yangu alikuwa amechoka na kifua, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Nikaacha kazi ya duka. Bwana Athmani alinipa chupa ya mafuta ya taa kama zawadi ya kuniaga, akasema nitaihitaji huko niendako, maana watu wa mto walala mapema.

Nilipanda dungu asubuhi ya kwanza na tarumbeta yangu mgongoni, nimevaa sketi yangu pana ya kanisani, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoniruhusu kupanda ngazi ile ya miti, na upepo wa mto ukaishika, ukaijaza, mpaka nikaona aibu, kisha nikaacha kuona aibu. Mpunga ulikuwa kijani mpaka ukingoni mwa macho. Kweleakwelea waliposhuka, nikaulaza mwali ule wa kichwani mwangu, nikapuliza. Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, kama punda anayezaa. Lakini ilitoka, na ua likaichukua na kuipanua na kuitupa mbali kuliko nilivyowahi kutupa kitu chochote, na lile wingu la ndege likapasuka katikati, likainuka lote kwa pamoja, likakimbia. Nilibaki nimesimama, tarumbeta mkononi, masikio yakilia. Sikuwahi kabla ya hapo kuona kitu kikiniogopa.

Nilijifunza nyimbo zote juu ya dungu lile. Mwalimu alikuwa anakuja jioni, anakaa chini kwenye majani, anakula viazi alivyochomewa na shangazi, anasahihisha. "Juu zaidi. Hapana, hiyo ni mbuzi. Hiyo sasa ni tarumbeta." Nilikula pale, wali wa jana na kambare wa kukausha, maziwa ya mgando tuliyobadilishana na akina mama wa Kiorma waliopita kwenda kunywesha ng'ombe. Mmoja wao alisimama siku moja akanisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, kisha akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Hii ng'ombe yako, lia mzuri." Ni sifa ya kwanza niliyowahi kupewa na msikilizaji, na nimepewa chache zilizoipita.

Lakini ndege hawafi kwa kupigiwa tarumbeta. Wanahama tu. Na shamba lililopakana na letu, upande wa machweo, lilikuwa la Mzee Komora. Kila nilipopuliza, lile wingu liliinuka kwetu, likazunguka hewani mara moja kama linalofikiri, likatua kwake. Mkewe, Mama Rahabu, alikuwa juu ya dungu lake na debe lake, mwanamke mkubwa mwenye mikono ya mtwangaji, akipiga, akipiga, na debe lake halikuweza kitu. Baada ya siku kadhaa Mzee Komora mwenyewe alikuja. Nilimwona kwa mbali akikata mpunga kwa kifua chake, na hata kutoka juu niliona pua.

"Shuka!" akasema.

"Nikishuka ndege watashuka nami, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikukataza kitu hicho!"

"Ulinikataza chumbani. Hapa naamia."

"Unanifukuzia ndege wote shambani kwangu!"

"Basi piga na wewe, Mzee. Jilo si ana yake?"

Akawaka. Sijui neno jingine. Alisema mambo juu ya wasichana wa siku hizi, juu ya shule, juu ya Buya na pengo lake, juu ya mwisho wa dunia. Nami nilisimama juu ya miti ile, nimeikumbatia shaba kifuani. Wala Jilo hakuja kuamia. Kijana wa manukato angeonekanaje juu ya dungu, akifanya kazi ya wanawake?

Aliyekuja kesho yake ni Mama Rahabu. Alikuja na chungu cha ndizi za nazi kichwani, akaketi chini ya dungu langu, akanipa, akaningoja nile. Tulizungumza habari za kifua cha shangazi. Tulizungumza habari za mvua. Kisha akaitazama tarumbeta kwa muda mrefu, akaigusa ukingo kwa kidole kimoja, kama unavyogusa shavu la mtoto wa mtu.

"Mwanangu," akasema, "hivi kitu hiki shingo yake haigeuki?"

Nikamwambia inageuka. Nikamwambia nitageuza ua upande wao, niamie mashamba yote mawili, mchana kutwa. Lakini nilimwambia pia kwamba sikukuu ya mavuno inakuja, na kwamba Mwalimu ameniandalia nafasi katika bendi, na kwamba mumewe ndiye anayeshika mlango. Mama Rahabu alisimama. Alifunika chungu chake, akakiweka kichwani, akaondoka. Nami niligeuza shingo ya tarumbeta, kwa kuwa mpunga haukuwa na kosa. Wenye mashamba mengine wakasikia, wakaanza kuja kuomba niwageuzie na wao. Mwisho wa msimu nilikuwa nazunguka juu ya dungu kama jogoo wa bati juu ya paa, na ndege wakaenda kutafuta maisha kwingine.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa hadi madirishani. Desturi ni kwamba wanawake hupanga mstari nje, kila mmoja na ungo wa mchele mpya kichwani, na bendi ikianza ndani, wao huingia wakiimba na kuumwaga mchele mbele ya madhabahu. Mke wa mwenyekiti ndiye hutangulia. Nilifika nimeifunga tarumbeta katika leso. Mzee Komora alikuwa mlangoni, na Jilo kando yake. "Tarumbeta impe Jilo," Mzee akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wageni. "Wewe beba ungo, uingie na wenzako." Ndani nilimwona Mwalimu Buya amesimama mbele ya bendi, mkono umeinuliwa tayari. Alinitazama. Hakuushusha mkono wala hakuupunga. Aliuacha pale hewani.

Mama Rahabu aliona yote. Alikuwa wa kwanza katika mstari, blauzi nyeupe, sketi pana iliyopigwa pasi. Aliushusha ungo wake kutoka kichwani, taratibu, akauweka chini kwenye mchanga.

"Mchele huu ulilindwa na tarumbeta," akasema. "Tarumbeta isipoingia, mchele hauingii."

"Mama Jilo," mumewe akasema.

"Abee, Baba Jilo. Nimesema."

Na mwanamke wa nyuma yake akaushusha ungo. Na wa nyuma yake. Mstari mzima, hadi chini kwenye miembe, nyungo zikashuka mchangani moja baada ya nyingine kwa ule mlio mdogo wa mchele unaotulia. Mianzi ya pua ya Mzee Komora ilitanuka mpaka nikadhani itapasuka, na kila mtu alikuwa anaitazama. Tungebaki pale hadi leo, naamini, kama si kuku. Kuku wa nyumba ya mchungaji walikuwa wamekuja kuona kuna nini. Jogoo alitangulia, shingo mbele, akaangalia ungo wa kwanza, akaangalia watu, akaona hakuna anayemjali. Akadonoa. Wenzake wakaja mbio.

Mama Rahabu hakuinama kuwafukuza. Aliikunja mikono kifuani, akanigeukia mimi, akasema neno moja.

"Amia."

Nikaivua tarumbeta leso yake, nikapuliza. Kuku walitawanyika kama walioona mwewe. Na ndani ya kanisa mkono wa Mwalimu Buya ukashuka, bendi ikaipokea noti yangu pale pale nilipoiacha, ngoma zikaingia, nyungo zikapanda vichwani, na mimi nikapita mlangoni kati ya Mzee Komora na mwanawe bila kumgusa yeyote, ua likiwa mbele, mstari wote wa wanawake nyuma yangu. Baada ya ibada Mzee alitoa hukumu yake: imekuwa leo tu, kwa sababu ya kuku. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuja, na hakuna aliyesimama mlangoni. Mwaka uliofuata walikuja wasichana wengine. Wazee walikaa wakakubaliana kwamba ndani ya kanisa tunaweza kupiga, ila kaburini hapana. Kaburini ni pazito, walisema. Watu hupenda kukuachia mlango mkubwa ili wakulindie ule mdogo.

Na sasa mlango ule mdogo ulikuwa mbele yangu. Jilo alinipokea nyumbani kwa Mwalimu kwa mikono miwili. Ana kitambi, ana mvi, hana manukato, na kwa haki yake ni mtu mwema. "Dina, dadangu," akasema, "ndani piga mpaka utoboe paa. Mimi mwenyewe nitakushangilia. Lakini kaburini tusivunjiane heshima. Ni utaratibu." Niliona kwamba haamini anachosema. Alikirithi, kama ile kanzu ya kahawia ya marehemu baba yake. Nikamwambia Mwalimu aliacha neno. Akasema maiti haamui. Nikamwambia na waliooza hawaamui, ilhali utaratibu wake umetoka kwao. Sikuomba zaidi. Nimefikia umri ambao naona kuomba mara ya pili ni kumfundisha mtu kukunyima.

Walimshusha chini ya miembe, upande unaosikia mto. Wapigaji walikuwa kichwani mwa kaburi, vijana wa kiume tu, na Jilo mbele yao. Mimi nilisimama na akina mama, leso mkononi, na Eva kando yangu amenishika kiwiko. Udongo ulikuwa umeanza kumwagwa. Kisha nikasikia sauti kutoka kwenye kiti cha plastiki, sauti ya mtu aliyezeeka mpaka akamaliza kuogopa. Mama Rahabu haoni vizuri siku hizi. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku.

"Yule mtoto wa ndege yuko wapi?"

"Mama, tulia," Jilo akasema.

"Nitulie nini? Mpunga uliokunenepesha ulilindwa na nani?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Jilo alitazama chini, akaona viatu vyake, akaona kaburi, na sijui aliona nini kingine, lakini alisogea hatua moja pembeni. Ilikuwa nafasi ndogo. Kiwiko cha mtu kingetosha.

"Amia, mwanangu," akasema Mama Rahabu.

Nikafungua leso. Harufu ya mafuta ya taa ikapanda. Nikapita, nikasimama kichwani mwa Mwalimu wangu, nikauona mwali ule mbele ya kinywa, nikaulaza chali, nikaushika hapo. Ua likatazama kaburi kwanza, wimbo mzima, mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa shingo yake inageuka, nikaligeuza upande wa wanaume.